Mbwamwitu mweupe anarudi: je, safari hii atauzika?

Swali: Mwalimu, nakusalimu kutoka Arua. Nikiwa shule ya msingi tulicheza Okami kwenye PS2 ya binamu yangu, CD ikiwa ya kuchoma, na mpaka leo sijapata gemu iliyonishika kama ile. Desemba 2024 nilipoona trela ya mwendelezo wake nilipiga kelele peke yangu chumbani. Kisha nikaanza kusoma historia, nikakuta kwamba ile ya kwanza haikuuza na studio iliyoitengeneza ikafungwa. Sasa furaha yangu imeingiwa na hofu. Ikiwa ile iliyosifiwa vile haikununuliwa, hii itanunuliwa na nani? Na mimi niliye Uganda nikiinunua, kuna anayehesabu?

Jibu: Ndugu yangu, hofu yako ina msingi, ila nadhani umeielekeza upande usio wake. Unauliza nani ataununua mwendelezo huu. Mimi, ambaye kwa taaluma ni mhasibu na kwa miaka kadhaa nimewasaidia vijana wa Kampala wanaotengeneza gemu za simu kupanga bajeti zao, ningeuliza kwanza utagharimu kiasi gani. Wapenzi wa Okami wapo, na miaka yote hii ya kuuzwa upya imewathibitisha. Ambalo halijulikani kwa yeyote aliye nje ya Capcom, kampuni ya Kijapani inayomiliki Okami, ni uzito wa mzigo ambao wapenzi hao watatwishwa.

Tuanze na kilichotokea, kwa sababu masimulizi ya mitaani yameipunguza habari hii ikawa sentensi moja. Okami ilitoka Japani Aprili 2006, ikafika Marekani Septemba mwaka huo na Ulaya Februari 2007. Iliandaliwa na Clover Studio, kampuni tanzu ya Capcom, ikiongozwa na Hideki Kamiya, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameongoza Resident Evil 2 na Devil May Cry. Wahakiki waliipokea kwa sifa, na IGN, tovuti ya habari za gemu, ikaiita gemu bora ya mwaka. Hata hivyo Amerika Kaskazini iliuza takriban nakala laki mbili tu katika mwaka huo wa kwanza. Oktoba 2006, hata kabla wachezaji wa Ulaya hawajaigusa, Capcom ilitangaza kwamba Clover itavunjwa, na ilipofika Machi 2007 studio hiyo haikuwapo tena. Baadaye kitabu cha rekodi cha Guinness kuhusu michezo ya video, toleo la 2010, kiliipa Okami heshima ambayo hakuna anayeitamani: gemu iliyofanya vibaya zaidi sokoni miongoni mwa zote zilizowahi kutwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka.

Hata hivyo si haki kusema kwamba Okami peke yake ndiyo iliyoifunga Clover. God Hand, ya studio hiyohiyo na ya mwaka huohuo, nayo haikupata soko, na viongozi watatu ambao studio ilijengwa juu yao, yaani Shinji Mikami, Atsushi Inaba na Kamiya mwenyewe, walikuwa wakiondoka Capcom. Studio ambayo gemu zake haziuzi na vichwa vyake vimekwisha kufunga mizigo haihitaji kosa moja kubwa ili ivunjwe. Watu walewale wakaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa PlatinumGames, na huko tutarudi baadaye kidogo.

Kwa nini gemu nzuri kiasi kile haikununuliwa? Sababu ya kwanza ni kalenda. Ilipofika Marekani Septemba 2006, PS3 na Wii, mashine mpya za Sony na Nintendo, zilikuwa zinaingia sokoni Novemba, miezi miwili tu mbele. Wenye PS2 duniani walikuwa wengi sana, zaidi ya milioni mia moja, lakini mwenye fedha za kununua gemu mpya katika majira yale alikuwa anaziwekea akiba mashine mpya. Sababu ya pili ni kwamba Okami haielezeki kwa sentensi moja. Jaribu kumwambia mtu ambaye hajaiona: wewe ni mungu wa kike wa jua aliyevaa mwili wa mbwamwitu mweupe, na ukishika kitufe dunia inasimama, inageuka karatasi, nawe unachora duara angani ili jua lichomoze, au unapiga mstari ili adui akatike vipande viwili. Aliyeshika kidhibiti anaelewa katika dakika tano, ila aliyesimama mbele ya rafu ya dukani haelewi kabisa. Nakumbuka kumbi za gemu za hapa Kampala zamani hizo, ambako mtu alilipa kwa mechi moja ya mpira na foleni nyuma yake ilikuwa ikimhimiza amalize. Nani angelipa shilingi mia tano ili asikilize utangulizi mrefu wa Okami, mzee akisimulia hekaya ya joka lenye vichwa vinane, wakati wenzake wanasubiri zamu? Soko la dunia lilifanana na ukumbi ule kuliko tunavyopenda kukiri.

Lakini angalia lililofuata. Mwaka 2008 ilitoka kwenye Wii, ambako kidhibiti cha kunyoosha mkono kilifanya uchoraji uwe wa maumbile zaidi. (Toleo hilo lina kisa chake: jalada la Marekani lilichapishwa likiwa na alama hafifu ya IGN kwenye picha, maana mtu aliichukua picha hiyo kwenye tovuti yao bila kugundua, na Capcom ikalazimika kuwapa wateja majalada mbadala bure. Gemu iliyovikwa taji na IGN ikavikwa na nembo yake pia.) Mwaka 2010 ikazaliwa gemu ndugu yake, Okamiden, kwenye DS, mashine ya mkononi ya Nintendo. Mwaka 2012 toleo lenye picha safi likatoka kwenye PS3, mwaka 2017 likaja PS4, Xbox One na kompyuta, na mwaka 2018 likafika Switch. Mfanyabiashara hapeleki bidhaa ileile sokoni mara zote hizo kwa mapenzi. Kila mara lazima iwe ilimrudishia fedha yake na kuacha kitu juu. Kwa hiyo swali lako la nani atanunua limekwisha kujibiwa kwa sehemu kubwa: ni watu walioikuta kwa kuchelewa, mmoja mmoja, kwa bei iliyopungua, kwa miaka mingi.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma. Chukua muuza rolex wa Wandegeya anayekaanga chapati na mayai kando ya barabara. Akiuza hamsini kwa siku analala vizuri. Mhamishe mtu huyohuyo, kwa chapati ileile na wateja walewale, mpeleke kwenye jengo la Kololo lenye viyoyozi na wahudumu sita, na zile hamsini zitamfilisi kabla ya mwezi kwisha, ingawa hakuna mteja hata mmoja aliyemkimbia. Gemu ni vivyo hivyo. Tuseme, kwa mfano tu, mwendelezo unauzwa dola 70, bei ambayo gemu kubwa nyingi zimeizoea tangu mashine za 2020 zitoke. Duka la mtandaoni kwa kawaida huchukua asilimia 30, zikabaki dola 49. Ikiwa utengenezaji uligharimu dola milioni 20, nakala kama laki nne za bei kamili zinarudisha fedha hiyo. Ikiwa uligharimu milioni 100, zinahitajika nakala zaidi ya milioni mbili. Sasa kumbuka kwamba wapenzi wa Okami, kama historia ilivyoonyesha, husubiri punguzo. Wastani wa bei ukishuka hadi dola 35, hesabu zote mbili zinarudufika: laki nane kwa gemu ndogo, milioni nne kwa kubwa, na bado hatujagusa fedha za matangazo. Laki nane naiona ikiwezekana bila jasho jingi. Milioni nne ni mlima.

Waliotangulia katika njia hii wanafundisha zaidi kuliko nadharia. Shenmue ya Sega, iliyotoka mwaka 1999, ilikuwa na mashabiki waliokuwa tayari kufa kwa ajili yake, na iliuza zaidi ya nakala milioni moja, lakini mtengenezaji wake Yu Suzuki alikuja kusema kwamba iligharimu takriban dola milioni 47, kiasi kikubwa mno kwa wakati ule na kwa mashine yenye wateja wachache kama Dreamcast. Wapenzi wake walingoja sehemu ya tatu tangu 2001 mpaka 2019, na hata ilipokuja ilikuja kwa michango ya umma ya zaidi ya dola milioni sita kupitia Kickstarter, ikiwa na mwili mdogo kuliko ndoto walizokuwa wamezilea. Beyond Good & Evil ya Ubisoft, ya mwaka 2003, ambayo nayo ilisifiwa na haikununuliwa, ilidokezewa mwendelezo mwaka 2008, ukatangazwa upya kwa kishindo mwaka 2017 kama ulimwengu mzima wa sayari ambazo mchezaji angeruka kutoka moja hadi nyingine, na mpaka ninapoandika bado haujaingia dukani. Huo ndio mfano unaoninyima usingizi ninapofikiria Okami. Watu hujaribu kulipa deni la mauzo ya zamani kwa kuongeza ukubwa, kana kwamba ile ya kwanza haikuuza kwa sababu ilikuwa ndogo.

Upo pia mfano wa kutia moyo, na unatoka katika ukoo uleule. Nier ya mwaka 2010 iliuza kwa kiasi tu, na studio yake, Cavia, ikavunjwa mwaka huohuo. Miaka saba baadaye Square Enix ikaikabidhi PlatinumGames kazi ya kutengeneza Nier: Automata, mwandishi na mwongozaji Yoko Taro akabaki palepale, na gemu hiyo imevuka nakala milioni 7. Ukiniuliza iliwezekanaje, nitakujibu kwamba hawakuikata ladha yake ya ajabu ili imfae kila mtu, bali walirekebisha kile ambacho wachezaji wengi walikilalamikia, yaani mapigano, kwa kuwakabidhi watu wanaojua mapigano kuliko karibu kila mtu. Na Bayonetta, gemu ya Kamiya iliyotoka mwaka 2009 kwa fedha za Sega, isingepata sehemu ya pili kama Nintendo isingetoa mfuko wake. Bei ya wokovu huo ni kwamba mwaka 2014 Bayonetta 2 ilitoka kwenye Wii U pekee, mashine ambayo wengi wa wapenzi wake hawakuwa nayo. Mrithi anaweza kuokolewa na tajiri mpya, lakini tajiri huchagua nyumba atakayokaa.

Kwa mwendelezo wa Okami, tajiri ni Capcom mwenyewe, mwenye jina na mwenye fedha, na hilo ni afadhali kuliko nilivyotarajia. Kamiya aliondoka PlatinumGames Oktoba 2023, kisha akaibuka na studio mpya, Clovers, jina lisilohitaji kufafanuliwa. Studio hiyo inafanya kazi pamoja na Capcom na kampuni nyingine iitwayo Machine Head Works, yenye watu waliowahi kufanya kazi Capcom, na gemu inajengwa juu ya RE Engine, injini (yaani programu ya msingi ya kujengea gemu) ambayo Capcom imekuwa ikiitumia tangu Resident Evil 7 ya mwaka 2017. Jambo hili la injini linaonekana dogo, lakini kwa mhasibu ni kubwa. Studio changa inayoanza kwa kujitengenezea vifaa vyake hula mwaka mzima wa mishahara kabla ya kuchora jani moja. Hii imekuta shamba limelimwa.

Kitu kingine kilichobadilika tangu 2006 ni namna Capcom inavyouza. Zamani gemu ilikuwa CD iliyokaa kwenye rafu kwa wiki kadhaa. Isipoondoka, muuza duka aliishusha bei na kuipa nafasi nyingine. Aliyeinunua ikiwa imetumika hakumpa mchapishaji hata senti. Leo Capcom huuza katika nchi na maeneo zaidi ya 200, sehemu kubwa kwa njia ya mtandao, na hupunguza bei hatua kwa hatua kwa miaka, kiasi kwamba gemu zake za zamani huchangia sehemu kubwa ya nakala inazouza kila mwaka. Gemu inayopendwa polepole, kama hii yako, iliuawa na mfumo ule wa rafu, ilhali mfumo wa sasa unaweza kuilea. Naamini kwamba Okami ileile, bila kubadilishwa chochote, kama ingetoka leo kwa bajeti ileile, isingeingia katika kitabu cha Guinness kwa sababu ile.

Ninachokihofia, basi, ni mambo mawili. La kwanza nimekwisha kulitaja: kishawishi cha kuikuza. Siku utakapoona wanaringia ukubwa wa ramani badala ya kuonyesha ile brashi ya kuchorea ikifanya jambo jipya, ongeza wasiwasi. La pili ni tarehe. Titanfall 2, gemu ambayo wajuzi wa michezo ya kufyatua risasi bado wanaisifu, ilitolewa tarehe 28 Oktoba 2016, wiki moja baada ya Battlefield 1 na wiki moja kabla ya Call of Duty ya mwaka huo, ikabanwa katikati kama ndizi kati ya mawe mawili; na Battlefield 1 ilikuwa ya mchapishaji huyohuyo. Okami iliwahi kubanwa na mashine mpya mbili. Nitatazama mwezi wanaouchagua kabla ya kutazama trela yoyote. Kuhusu lini, usijitese: walipoitangaza, kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na gemu ya namna hii haipikwi kwa mwaka mmoja wala miwili.

Sasa nije kwa swali lako la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nijibu kwa urefu. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo, na katika daftari za wachapishaji wa gemu, Uganda kwa kiasi kikubwa haipo. Mtandao wa PlayStation hauifungulii rasmi akaunti nchi yetu, kwa hiyo mwenye PS5 wa Kampala hufungua akaunti akijifanya yuko Marekani au Uingereza, na anaponunua, ni Marekani au Uingereza inayoandikiwa mauzo. Uliona mwaka 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya mtandao huo: gemu iliondolewa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, katika nchi zaidi ya 170, na yetu ikiwamo. Steam yenyewe hutuuzia kwa dola, bila bei ya shilingi wala bei iliyopunguzwa kulingana na mifuko yetu, wakati dola 70 ni kama robo milioni ya shilingi. Ongeza kodi ya asilimia 12 iliyowekwa kwenye data mwaka 2021 baada ya ile ya shilingi 200 kwa siku kuondolewa, na utaona kwamba gemu nzito huanza kukugharimu hata kabla haijamaliza kushuka.

Kwa hiyo jibu la haki lina pande mbili. Ununuzi wako hautahesabiwa kama wa Uganda, na hakuna meneja wa Capcom kule Osaka atakayeitazama ramani na kusema Arua imeamka. Lakini nakala ni nakala. Ukiinunua dukani kwao, hata kwa punguzo, hata mwaka mmoja baada ya kutoka, imeingia katika ile jumla ambayo itaamua kama kuna sehemu ya tatu. CD iliyotumika haiingii. Ile ya kuchoma ya binamu yako haikuingia pia, nami siisemi kwa kukulaumu, maana pasipo CD ile nisingekuwa nakuandikia leo. Wengi wetu wa kizazi hicho hatukuwa na mlango mwingine, na duka halali halikuwapo hata kwa aliyekuwa na fedha. Nasema tu kwamba chumba kile kilichojaa watoto waliokuwa wakichora jua angani, kwa Capcom kilikuwa giza.

Usiagize mapema kwa mapenzi. Ikitoka, subiri wiki moja usikie wenye mashine kama yako wanasemaje. Na ukiinunua Steam, unaweza kurudishiwa fedha ukiomba ndani ya siku 14 ukiwa hujacheza zaidi ya saa mbili. Ila kama unataka kufanya jambo sasa, Okami HD, lile toleo lenye picha safi, ipo Steam kwa bei kamili ya dola 20, ambayo ni kama shilingi elfu sabini, na mara kwa mara hushuka zaidi katika misimu ya punguzo. Kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa zako za simu inatosha kulipia, na kompyuta ya kawaida isiyo ya kifahari inaiendesha. Tumia kipanya kwa brashi, usitumie kidhibiti. Lile duara la jua, ambalo kwa kijiti cha PS2 lilikuwa likitoka kama kiazi, litatoka mviringo kwa mara ya kwanza.